Je, Mkristo anaweza kufanya yoga na kusali kwa pamoja?

Mwanashangani, Mtwara:
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Kazi yangu katika ghala la korosho ni ya kuketi kutwa nzima, na maumivu ya mgongo yalipozidi nilishauriwa kunyoosha viungo. Nimeanza yoga kwa kufuata video kila alfajiri kabla ya sala, na nikishapumua taratibu akili hutulia, hata Zaburi naisoma bila haraka. Mzee mmoja wa kanisa ameniambia kwamba ninaabudu miungu ya Kihindu. Sitaki kumdharau, wala sitaki kuacha kwa hofu tupu jambo linalonisaidia. Nifanyeje?

Mkongwe wa Masasi:
Binti yangu, mzee huyo hakusema bila msingi. Yoga ilikulia India ndani ya dini, na katika mafundisho ya Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga huko India, mikao ya mwili ni hatua moja tu kati ya nane. Mwalimu wa video akikutaka uimbe «Om», sauti takatifu ya Wahindu, hapo mmeshatoka kwenye mgongo.

Mhitimu wa Ndanda:
Sisi Wakatoliki tuna barua ya Vatikani ya mwaka 1989 kuhusu tafakuri ya Kikristo, iliyotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XVI. Haikatai kila kitu kinachotoka katika dini nyingine, ila inaonya kwamba utulivu unaoletwa na mazoezi ya mwili usidhaniwe kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Kwa hiyo, dada, nakuuliza: siku mgongo unapokataa na mazoezi yakashindikana, sala huendelea? Ikiwa unapenda kusali kwa kufuata pumzi, watawa wa Kiorthodoksi wana Sala ya Yesu, ambayo ni ya karne nyingi na humtaja Bwana waziwazi.

Mvuvi wa Mikindani:
Aogelee tu. Bahari hatukuikosa.

Mwanashangani, Mtwara:
Shikamoo mzee wa Masasi, na asanteni nyote. Kusema kweli, siku nisipofanya mazoezi sala huwa fupi na nzito, na swali la Mhitimu limenifanya niliangalie jambo hilo upya. Nitahamishia mazoezi jioni, bila video zenye nyimbo, ili alfajiri ibaki ya sala peke yake. Lililobaki ni kumweleza yule mzee bila kuonekana ninabishana naye. Aliyewahi kuzungumza na viongozi wake kuhusu jambo hili, alianzia wapi?