Kufupisha linki na kuzikagua: TinyURL, Bitly au is.gd?

mama_miche (Tukuyu)
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Nauza miche ya parachichi na oda napokea kwa fomu ya Google, sasa ile linki yake ni ndefu balaa, nikiiweka kwenye sms inakula nafasi, herufi 160 zinaisha sijafika hata kwenye bei, meseji inahesabiwa mbili. Nataka kuifupisha ila wateja wanaziogopa linki fupi, juzi baba mmoja wa Mwakaleli kanipigia, "mama hii si ya matapeli kweli?" Wala sikumlaumu. Nyie mnatumia nini?

steshenari_mwanjelwa
Dada mimi nakushauri TinyURL. Ipo tangu 2002, bure, hujisajili, na kubwa zaidi unachagua mwenyewe maneno ya mwisho, yaani badala ya herufi za ajabu mteja anaona miche-tukuyu, anajua ni wewe. Bitly nayo nzuri kwa kuhesabu watu waliobonyeza, ila akaunti ya bure ina ukomo wa linki kwa mwezi.
Usichukue huduma usiyoijua. Niliwahi kumchapia mteja kalenda za ukutani nikaweka linki ya kampuni fulani ndogo, haikufika Juni wakafunga, kalenda ziko ukutani kwa watu na linki imekufa, niliumia sana. Na si wadogo tu, Google walikuwa na huduma yao ya kufupisha, goo.gl, toka 2009, 2018 wakatangaza kuifunga na 2019 linki mpya zikawa hazitengenezwi tena.

Kihesa_juu
Kamwene wote. Mkuu hapo kwenye majina nakubali, ila hofu ya yule baba hujaijibu, jina zuri hata tapeli anaweza kuliandika. Mimi natumia is.gd kwa sababu ukiongeza kistari - mwishoni mwa linki haikupeleki moja kwa moja, inakuonyesha kwanza anwani ndefu iliyofichwa, ukiridhika ndo unabonyeza. Bitly unaongeza alama ya +, na TinyURL unaandika preview na nukta kabla ya tinyurl.com. Wafundishe wateja hilo, dakika moja tu.

mwl_mafinga
Hapo Kihesa umegusa penyewe. Nyongeza, ukishaiona anwani ndefu usiishie hapo. Kwenye grupu letu la wazazi ilizunguka linki ya "GB za bure za sikukuu", nikaikopi bila kuifungua nikaiweka urlscan.io, yenyewe inaenda kuufungua ukurasa kwa niaba yako halafu inakuletea picha yake. Picha ikaonyesha rangi za mtandao wa simu tunaoujua wote, chini kuna kisanduku cha kuandika namba ya siri, na jina la tovuti lina herufi moja imezidi. Nikaituma ile picha kwenye grupu, akina mama watatu walikuwa tayari wanataka kujaza!
Ipo pia VirusTotal, ya Google toka 2012, inaipitisha linki kwenye vikagua virusi zaidi ya 70. Ila ikisema safi usilale, tovuti ya utapeli iliyofunguliwa asubuhi inaweza ikawa bado haijaripotiwa na mtu. Na jamani msiweke humo linki za kubadilishia nywila au za nyaraka zenu, wengine wanaweza kuziona.

mama_miche (Tukuyu)
Ndaga fijo wote. Nimetengeneza ya TinyURL yenye jina la miche yangu, nikampigia yule baba nikamwelekeza aandike preview mbele, nikasubiri kwenye simu, akanisomea herufi kwa herufi hadi akafika docs.google.com, akasema "aah, kumbe ni fomu". Kaagiza miche 40.

steshenari_mwanjelwa
Safi sana dada. Ile fomu usiifute tu, maana ukiifuta linki fupi itabaki inaelekeza hewani. Ukija Mwanjelwa nitakuchapia vibandiko vya viriba.