Vena ya figo ya kushoto: urefu wake unamhusu nini mgonjwa?

Mwanagenzi, Kisauni: Salaam aleikum wenzangu. Vipimo nimevikariri: vena (mshipa unaorudisha damu) ya figo ya kushoto urefu sm 6 hadi 10, ya kulia sm 2 hadi 4. Ila sioni vinahusiana vipi na korodani iliyovimba au mkojo wa damu. Nielewesheni.

Tudor: Waaleikum salaam. Vena kava ya chini, mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni, imekaa kulia kwa uti wa mgongo, kwa hiyo figo ya kulia ni jirani yake wa mlango kwa mlango. Ya kushoto lazima ivuke mbele ya aota (ateri kuu itokayo moyoni), chini kidogo ya pale inapochomoza ateri ya mesenteri ya juu, inayolisha utumbo. Njiani inabeba abiria: vena ya tezi ya adrenali kutoka juu, ya korodani (au ovari) kutoka chini. Kulia, hawa wawili huingia vena kava wenyewe.

Vena ya korodani ya kushoto huingia kwa pembe mraba, tena baada ya kupanda mwendo mrefu. Vali zikilegea damu hurudi chini, vena za korodani zikavimba, ndiyo varikosili, na ndiyo maana huonekana zaidi kushoto. Mpime kwa ultrasaundi akiwa amesimama, abane pumzi na kujikaza. Vena iliyopita mm 3 ina shaka. Kisha mlaze. Isiponywea, au ikiwa imezuka ghafla kulia peke yake, usimpe dawa ya maumivu ukamwacha aende: angalia figo. Saratani ya figo ina tabia ya kutambaa ndani ya vena hadi vena kava, wakati mwingine mpaka moyoni.

Dopla: Mkojo wa damu nao ni kisa cha kubanwa. Aota na ile ateri ya mesenteri ni kama koleo, vena ikiwa katikati. Koleo likikaza, damu hupanga foleni upande wa figo kama magari ya feri Likoni, presha inapanda, vijishipa vyembamba vinapasukia kwenye njia ya mkojo. Huja na maumivu ya ubavu wa kushoto.

Weka proba (kichwa cha ultrasaundi) kwa upana chini ya kidari. Aota ni duara linalodunda. Juu yake kuna kitone chenye kola nyeupe ya mafuta, hiyo ndiyo ateri. Vena inapita kati yao. Pima kasi ya damu kwenye mbano na karibu na figo: ya kwanza ikiizidi ya pili zaidi ya mara 5, shuku. Rudia akiwa amesimama. Na tahadhari: watu wembamba wengi wana mbano huo na hawaumwi kitu, kwa hiyo picha bila dalili si ugonjwa.

Mwanagenzi, Kisauni: Shukran. Na chumba cha upasuaji?

Tudor: Figo ya kuchangia huchukuliwa ya kushoto wakipata nafasi, maana vena ndefu hushoneka kwa raha. Tena ya kushoto inaweza kufungwa karibu na vena kava, kwa kuwa wale abiria wanaipa damu njia nyingine. Ya kulia haina pa kukimbilia. Ndani ya figo vena huungana zenyewe kwa zenyewe, ateri haziungani: tawi la ateri ukilikata, kipande chake kinakufa.

Dopla: Na kabla ya kisu tazama picha ya CT (skani ya kompyuta). Wengine vena ya kushoto hupita nyuma ya aota, wengine huizunguka pande zote mbili. Anayechimba huko nyuma bila kujua atakutana na damu asiyoitarajia.

Nyali: Msisahau damu kuganda ndani ya vena ya figo. Mgonjwa wa nefrotiki (figo zinazovujisha protini) hupoteza antithrombini, protini inayozuia damu kuganda, kwenye mkojo, na mtoto mchanga aliyekaukiwa na maji naye yumo. Ubavu ukiuma ghafla na mkojo ukawa mwekundu, omba kipimo cha Dopla (ultrasaundi ya mwendo wa damu) siku hiyohiyo.