Mrejesho: nimehamia Linux na udi bado narekodi
Wandugu, niliuliza kama nikitoa Windows niweke Linux ntaweza kuendelea kurekodi taarabu hapa Lamu, basi nimeweka Ubuntu Studio (aina ya Linux ya watu wa muziki na video), Ardour, programu ya kurekodi, imekuja nayo ndani. Siku ya kwanza balaa, napiga uzi wa udi sauti inanirudia kwenye hedifoni imechelewa kama mwangwi wa kisimani, kumbe bafa (vipande vya sauti ambavyo kompyuta inakusanya kabla ya kuvitoa) ilikuwa 1024, nimeshusha hadi 128 kwa 48000 Hz, sasa hata siskii kuchelewa. Saundikadi ya USB imejulikana yenyewe bila draiva. Plagini zangu mbili za Windows (programu ndogo za sauti zinazofanya kazi ndani ya Ardour) zimekubali kupitia yabridge, kidaraja cha kuziendesha kwenye Linux, moja imegoma nikaiacha, sina nguvu za kugombana nayo. Kinachonisumbua saa hii ni punda wa jirani, akilia tu teki ninayorekodi imeharibika.