Tathmini mpya imetufanya waoga kazini. Ni kwetu tu?

Ofisa_Eastlands:
Wadau, naombeni maoni. Natoa mikopo midogo upande wa Eastlands, Nairobi. Zamani tulipimwa kwa pesa tulizotoa kila mwezi. Tangu Januari alama zote zinategemea kitu kimoja: mikopo yako iliyochelewa zaidi ya siku 30. Tunapangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na anayeshika mkia mara mbili anaandikiwa barua.

Sasa wafanyabiashara hakuna anayewagusa. Wote tunawakimbilia walimu, maana mshahara unakatwa kabla haujawafikia (watu wa kaunti pia, ukiweza kungoja walipwe). Mezani kwangu kuna faili la mama mmoja wa mapazia, Gikomba. Anataka elfu 40 aongeze robota. Ameshamaliza mikopo miwili; ule wa pili alichelewa wiki tano baada ya kibanda kuungua, akalipa hadi senti ya mwisho. Ingekuwa pesa zangu ningempa leo. Lakini moto wa soko lile hauishi, na ukiwaka tena litakaloshuka ni jina langu, si la bosi. Ni kwetu tu, ama?

Mkopeshaji_Mstaafu:
Si kwenu tu. Sisi tulipimwa kwa kiasi, tukaumwa upande wa pili. Ikifika Novemba, aliyekwisha kufikisha tageti alikunja mikono. Aliyeachwa nyuma kabisa aligawa pesa hata kwa mtu ambaye kibanda chake hajawahi kukiona. Barua inamngoja vyovyote vile, basi heri abahatishe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1996 uliwakuta mameneja wa mifuko ya uwekezaji vivyo hivyo: waliokuwa nyuma katikati ya mwaka waliongeza hatari kuliko waliokuwa mbele. Msiombe kurudishiwa kipimo cha zamani.

Binti_wa_Hesabu:
Tageti ikizidi, watu hughushi. Benki ya Wells Fargo ilisukuma wafanyakazi wamuuzie kila mteja huduma nane. Mwaka 2016 ikatozwa faini ya dola milioni 185 kwa akaunti zilizofunguliwa bila wateja kujua, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefutwa. Huko kupangwa kichwa hadi mkia, Microsoft walikuacha 2013. Mwonyeshe bosi wako.

Katibu_wa_Sacco:
Binti, bosi wa Eastlands atajali nini habari za Microsoft? Mpelekee kitu cha kujaribu. Sisi tumetenga fungu dogo kwa wasio na hati ya mshahara. Siku ofisa anapompendekeza mtu, anaandika ukurasa mmoja: amekagua nini, anahofia nini. Mkopo ukichelewa, tunausoma ukurasa ule. Kama alikagua vizuri kisha moto ukaja, alama zake haziguswi. Kama sokoni hakukanyaga, mzigo ni wake.

Na barua isikutoe jasho sana. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kukufuta kwa utendaji duni, akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mwenzako uliyemchagua, na awasikilize.

Ofisa_Eastlands:
Asanteni sana. Habari ya ukurasa nitaipeleka Jumatatu. Ila hilo fungu, nani anaamua aingie nani? Kwetu akiamua meneja, litajaa binamu zake.

Katibu_wa_Sacco:
Kamati ya watu watatu. Meneja anahudhuria, kura hana. Alinuna mwezi mzima.