Chetezo cha Kijapani chenye njumu: je, nikisugue?

Mkazi wa Moshi:
Ndugu zangu, marehemu bibi aliniachia chetezo cha Kijapani kilichotiwa njumu, yaani nakshi za dhahabu na fedha zilizopachikwa, ambacho mwili wake ni mweusi wenye kung'aa kwa mbali. Je, weusi huo ni uchafu wa kusuguliwa kwa limau na majivu?

Fundi, Arusha:
Usithubutu, ndugu yangu. Wajapani huchanganya shaba na dhahabu kidogo kupata shakudo, kisha huichemsha katika maji ya dawa mpaka uso wake uwe mweusi na njumu ijitokeze. Ukiisugua, rangi hiyo huondoka. Wengi wa mafundi hao walikuwa wakipamba panga za samurai, na katazo la mwaka 1876 la kubeba panga hadharani lilipowakosesha kazi, waligeukia vyetezo na vyombo vya maua vya kuuzwa Ulaya na Marekani.

Mkazi wa Moshi:
Ahsante sana. Naweza kukifukizia ubani?

Mama Neema, Arusha:
Tandika kwanza majivu makavu, mwanangu, ili makaa yasiguse shaba. Mimi, hata hivyo, ningekiweka kabatini na kufukizia cha udongo.