Je, sheria ya serikali isimamie mafundisho ya dini katika ndoa?

Swali, kutoka Kadutu, Bukavu, Kongo (DRC)
Ndugu zangu, mwezi uliopita tulimzika jirani aliyeacha wake wawili: wa kwanza aliandikishwa komine (ofisi ya serikali ya mtaa), wa pili aliolewa kwa mahari tu, mbele ya wazee. Matanga hayajaisha, ndugu za marehemu wakamfukuza huyo wa pili katika nyumba aliyoishi miaka 14. Nilimkuta ameketi juu ya godoro lililokunjwa, karatasi ya mahari ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Mhubiri mmoja akatamka kwamba hayo ni malipo ya dhambi. Katiba ya 2006 inasema Dola letu halifungamani na dini yoyote. Mbona basi sheria ya ndoa, inayomtambua mke mmoja tu, inafuata mafundisho ya kanisa?

Jibu la katekista, Bagira
Pole sana, mama. Maneno ya mhubiri huyo yameniumiza, kwani mfiwa hahukumiwi matangani. Hata hivyo, ndoa ya mke mmoja si jambo la kanisa peke yake. Dada yangu aliletewa mke mwenza bila kuulizwa, na shamba alilolima kwa mikono yake likakatwa katikati. Sheria inayomkinga mwanamke kama huyo siiiti mahubiri.

Jibu la avokati (wakili), Ibanda
Katazo la kuoa wake wengi lilitoka kwa Wabelgiji waliotutawala, kwa dekreti (amri ya serikali) ya tarehe 4 Aprili 1950, na Kanuni ya Familia ya 1987, yaani sheria yetu ya ndoa na urithi, ikaliendeleza. Lakini tazameni uzinzi, ambao pia ni dhambi iliyofanywa kosa la jinai: kwa Kanuni hiyo ya 1987, mke aliadhibiwa kwa tendo lenyewe, ilhali mume aliadhibiwa pale tu tendo lake lilipohesabiwa kuwa tusi zito kwa mkewe, na tofauti hiyo ilidumu hadi marekebisho ya 2016. Ndiyo maana naogopa sheria inayoanza kwa kuuliza nani ametenda dhambi, badala ya kuuliza nani ameumizwa. Kwa mjane huyo, mama, sheria haimtambui kuwa mke. Watoto wake ni habari nyingine: wale ambao baba aliwatambua akiwa hai ni warithi wa daraja la kwanza, sawasawa na watoto wa mke mkubwa. Apeleke vyeti vyao vya kuzaliwa mahakama ya amani, wala asisubiri baraza la ukoo.

Jibu lingine, Kadutu
Mimi ni Mwislamu. Sura ya An-Nisaa inaruhusu hadi wake wanne kwa sharti la uadilifu, lakini siombi serikali iiandike aya hiyo katika sheria za nchi, maana jirani yangu Mkristo naye angefungwa na dini isiyo yake. Ninachoomba ni kwamba mwanamke aliyetolewa mahari asiondoke mikono mitupu.

Mwenye swali
Asanteni. Nimekwenda kwake leo asubuhi, tukafungua ule mfuko pamoja. Vyeti viwili vina jina la baba. Mtoto wa tatu ana miezi mitano, naye hajaandikishwa.