Mtwara: Mashine za kamari zimewekwa kwenye baraza za maduka, watoto wanacheza, na hakuna anayeuliza umri

Ndugu wanajukwaa, naandika uzi huu nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie kwa urefu wake, kwa sababu jambo lenyewe nimelibeba wiki tatu nikizungushwa kutoka ofisi hii hadi ile.

Dada yangu anaishi Chikongola, hapa Mtwara mjini. Mwanawe wa pili ana miaka 13 na yuko darasa la sita. Mwezi uliopita alitumwa dukani mara mbili, siku tofauti, na mara zote mbili alirudi mikono mitupu akilia kwamba hela imedondoka njiani: kwanza shilingi 2,000 za mafuta ya kula, kisha 1,500 za sukari. Mara ya tatu alipewa noti ya 5,000 akanunue mkaa, akakawia, na kwa kuwa siku hiyo nilikuwepo, na kwetu mjomba hakai kimya mpwa wake anapopotea, nikatoka kumtafuta. Sikufika mbali. Kwenye baraza ya duka linalouza mchele, vocha na mkaa wenyewe aliotumwa, kuna mashine ya dubwi, yaani ya kamari ya sarafu, na mtoto alikuwa amesimama mbele yake juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, kwa sababu bila kreti hafikii vitufe. Taa zilikuwa zinazunguka juu ya picha za machungwa, matikitimaji na kengele, na mkononi alikuwa amebakiwa na sarafu nne za shilingi 200. Noti ya 5,000 ni sarafu 25. Aliyemchenjia noti ile kuwa sarafu 25 ni mwenye duka mwenyewe.

Nilimwamkia shikamoo, kwa sababu ananizidi umri, kisha nikamuuliza anawezaje kumchenjia mtoto mdogo hela ya kuchezea kamari. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba mashine si yake. Kuna kijana huja na ufunguo kila baada ya siku kadhaa, hufungua sanduku, wanahesabu sarafu na kugawana. Nikamuuliza kwa nini basi hamwombi kitambulisho anayetaka kucheza. Akanijibu, bila hata kutabasamu, "Sasa mtoto hana kitambulisho, nimuombe nini?" Nilipoendelea kumbana akatoa jibu la tatu, na hilo ndilo lililonikaa kooni mpaka leo: "Mjomba, huyu si ametoka jandoni mwaka juzi? Huyu ni mkubwa."

Naomba nilizungumze hili la jando kwa uwazi, maana najua wapo watakaolitetea. Mimi mwenyewe nimepita jandoni, na mpwa wangu nimempeleka mimi. Anayetoka jandoni anafundishwa adabu, anafundishwa kuheshimu wakubwa na kuacha mambo ya kitoto, na nyumbani tunampigia vigelegele kwa hatua hiyo. Lakini tunawapeleka watoto wa miaka minane, tisa, kumi, wakati wa likizo ya shule, na wanaporudi tunawarudisha darasani wakiwa na kaptula zile zile. Hakuna mzee wa mila hata mmoja ninayemfahamu aliyewahi kusema kwamba mtoto akitoka jandoni ana ruhusa ya kula hela ya mkaa ya mama yake kwenye mashine. Kuigeuza mila yetu kuwa kibali cha kamari ni kuwatukana wazee, na aliyefanya hivyo si mgeni wa kutoka mbali, ni mtu wa hapa hapa ambaye watoto wake nao wamepita huko.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili linanichoma zaidi ya wengine. Nimefanya kazi miaka minne kwenye meli ya kitalii ya kampuni ambayo sitaitaja, nikiwa mhudumu wa vyumba, na meli ile ilikuwa na kasino. Abiria anapopanda, pasipoti yake husomwa, tarehe ya kuzaliwa huingizwa kwenye mfumo, anapigwa picha, kisha anapewa kadi moja ambayo ndiyo ufunguo wa chumba, ndiyo pochi, na ndiyo kitambulisho chake kwa safari nzima. Akitaka kucheza mashine, kadi hiyo ndiyo anayoichomeka, na kama umri haujatimia mfumo unakataa. Kampuni nyingi kubwa zimeweka kikomo cha miaka 18, na baadhi yake hukipandisha hadi 21 katika safari za Alaska. Watoto wanaweza kukatiza ndani ya kasino wakienda ukumbi wa maonyesho, kwa sababu meli nyingi zimejengwa hivyo, lakini wakisimama tu kando ya mashine, mhudumu anawasogelea na kuwaambia waendelee na safari yao.

Katika safari mojawapo kulikuwa na kijana aliyebakiza siku mbili kutimiza miaka 18. Baba yake, mtu mwenye fedha za kutosha, alimpa kadi yake acheze nayo. Mhudumu wa kasino, dada mmoja mdogo wa umbo kutoka Ufilipino, akaitazama sura ya kijana, akaomba kadi, akaona picha ya mzee wa miaka hamsini, akamwambia ainuke. Baba alipiga kelele, akadai aitwe mkubwa wa zamu, na mkubwa alipokuja akasema maneno yale yale ya yule dada. Siku mbili tu! Wakamkatalia. Nasi wafanyakazi tulikatazwa kabisa kucheza, kwa hiyo mimi, mtu mzima mwenye pasipoti na ndevu, sikuwahi kuingiza hata senti moja kwenye mashine zile.

Sizisifii kasino za melini. Nimewaona vikongwe wakimaliza akiba zao usiku mmoja na asubuhi wakishindwa kunitazama usoni nikitandika vitanda, na sina shaka kwamba kampuni zinawabana watoto kwa kuogopa kesi na kupoteza biashara, wala si kwa huruma. Ninachosema ni hiki: katika bandari nyingi kasino ile hufungwa meli inapotia nanga, na hufunguliwa ikishatoka nje ya maji ya nchi husika, kwa kawaida maili 12 za bahari kutoka pwani. Yaani kamari inachezwa mahali ambapo hakuna kituo cha polisi wala ofisi ya mtendaji, usiku, katikati ya bahari, na bado mtu anaulizwa umri. Hapa Chikongola nimezungukwa na ofisi za kila aina, na mtoto anawekewa kreti asimame vizuri.

Msiniambie kwamba wao wana kompyuta na sisi hatuna. Aliyemwinua yule kijana kitini hakuwa kompyuta. Alikuwa binadamu aliyetazama sura na kuuliza. Na sisi tunacho cha kuulizia. Kitambulisho cha Taifa hutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 18, na kadi ya mpiga kura kwa anayetimiza umri huo kufikia siku ya uchaguzi, kwa hiyo yule mzee wa duka alijijibu mwenyewe bila kujua: ndiyo, mtoto hana kitambulisho, na hiyo ndiyo sababu tosha ya kumfukuza. Najua kuna watu wazima wengi ambao hadi leo wanatembea na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho hicho, kwenye karatasi kwa sababu kadi haijawafikia. Sawa. Namba ile ina tarakimu 20, na tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayejua kuhesabu sarafu 25 anajua pia kusoma mwaka wa kuzaliwa. Ili nisajili laini ya simu ninatakiwa kuweka alama ya kidole, lakini ili mwanafunzi wa darasa la sita aingize hela kwenye mashine ya kamari hatakiwi hata kutaja jina.

Sheria ipo. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, imekuwepo tangu 2003 na umri uliowekwa ni miaka 18; Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, ametoka jandoni au hajatoka. Hata mashine yenyewe imebandikwa karatasi ya 18+, ila mwenye duka ametundika vocha na pakiti za sabuni juu yake, na nilipozisogeza ndipo nikaiona. Nikaenda ofisi ya kwanza, nikaambiwa mashine ina leseni, kwa hiyo hawana la kufanya, kana kwamba leseni ya kuchezesha watu wazima ni leseni ya kuchezesha watoto. Ofisi ya pili ikanielekeza ya tatu. Ofisi ya tatu ikataka ushahidi; nikaonyesha picha kwenye simu, nikaulizwa kama nina uhakika kwamba mtoto alikuwa anacheza au alikuwa anatazama tu, akiwa juu ya kreti, kidole kikiwa kwenye kitufe. Niliambiwa nitapigiwa simu. Sijapigiwa.

Na haiishii Chikongola. Nimeziona Magomeni ya hapa hapa Mtwara, nimeziona njia ya kwenda Mikindani, na rafiki yangu aliyeko Lindi mjini ananiambia mtaani kwao iko inayotazamana na njia ya shule. Msimu wa korosho ndio unaonitisha. Mnada ukifunguliwa fedha zinaingia vijijini, na watoto wanaookota korosho chini ya mikorosho huziuza kwa vibaba kwa watu wa kangomba, yaani wanunuzi wa korosho wa kimagendo, hivyo mtoto anakuwa na hela yake mfukoni ambayo mzazi haijui wala hawezi kuidai. Hela hiyo zamani iliishia kwenye mandazi na mpira wa kuchezea. Sasa tunajua itaishia wapi.

Kabla hamjaniandikia "mzazi alee mtoto wake", fahamuni kwamba dada yangu ni mjane anayeuza samaki feri, anaondoka nyumbani alfajiri, na mtoto alicharazwa, tena mimi sijivunii hilo. Kumtuma mtoto dukani si uzembe, sote tumetumwa. Zamani ukitumwa, hatari ilikuwa mbwa na madereva. Mzazi hawezi kumfuata mtoto kila anapokwenda kununua chumvi eti kwa sababu muuza chumvi ameamua kuwa na kamari barazani.

Kwa hiyo nauliza, na nataka majibu ya watu waliopitia, si ya kunipoza: kuna yeyote hapa, awe wa Mtwara, Masasi, Newala au Lindi, aliyewahi kufanikiwa kuondolewa mashine ya namna hii mtaani kwake? Barua uliielekeza ofisi gani, iligongwa muhuri na nani, na ilichukua muda gani? Je, wazazi wa mtaa mzima wakisaini pamoja inasaidia, au nayo inaishia kwenye faili? Mimi nimeshapata saini 23, na mwalimu mmoja yuko tayari kuandika majina ya wanafunzi aliowakuta pale saa za masomo. Namba iliyopigwa ubavuni mwa mashine ninayo pia. Picha sitaziweka hapa kwa sababu sura za watoto zinaonekana, ila anayefahamu mahali pa kuzipeleka anijibu humu humu kwenye uzi, wengine nao waone.